Raha Ndogondogo za Mji: Maneno na Desturi za Kila Siku katika Lubumbashi

1. Utangulizi

Mtu akitaka kuujua mji, kwa kawaida huelekezwa kwenye mambo makubwa: mwaka ulipoanzishwa, migodi yake, wakuu wake, vita vilivyopita humo. Mambo hayo yana nafasi yake vitabuni. Lakini mkaaji wa mji haishi ndani ya hesabu ya tani za shaba. Huishi siku moja moja, na siku hujengwa kwa vipande vidogo: salamu ya asubuhi mlangoni, harufu ya mkaa unaoanza kushika moto, kiganja cha karanga kilichoongezwa na muuzaji, sauti ya redio ya jirani siku ya mpira. Hakuna ofisi inayohesabu vipande hivyo. Hata hivyo vina majina, na katika Lubumbashi majina hayo ni ya Kiswahili.

Makala haya yanakusudia kueleza baadhi ya raha hizo ndogondogo na kuonyesha jinsi lugha ya mji inavyozibeba. Yanaongozwa na swali moja: kwa nini sehemu kubwa ya maneno hayo haimo katika kamusi zinazotumiwa shuleni, na ni nini kinachopotea yanapoitwa makosa? Mifano ya Kiswahili cha mji imetiwa ndani ya alama za mtajo, nayo imeandikwa kama inavyotamkwa.

2. Mji na lugha yake

Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyokuwa imeundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba hapo mwaka 1911. Wafanyakazi waliletwa kutoka pande nyingi: vijiji vya Katanga, nchi ambayo leo ni Zambia, na baadaye Kasai, Rwanda na Burundi. Tangu miaka ya mwisho ya 1920, kampuni ilifuata siasa ya kuwaweka wafanyakazi kwa muda mrefu, pamoja na wake na watoto wao. Jina la Lubumbashi, ambalo ni la mto upitao hapo, lilichukua nafasi ya lile la kikoloni mwaka 1966.

Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya wengi wa wageni hao wa kwanza. Kilikuwa lugha ya kazi na ya kambi, iliyomwezesha msemaji wa Kibemba kuelewana na msemaji wa Kiluba au wa Kinyarwanda. Watoto waliozaliwa kambini na katika mitaa ya Waafrika, kama Kamalondo na Kenya, walikipokea kama lugha ya kucheza na kugombana. Kwa hiyo, kwa muda wa maisha ya mtu mmoja, lugha ya amri ya kazini iligeuka kuwa lugha ya nyumbani.

Kiswahili hicho kina sura yake. Mahali ambapo Kiswahili sanifu kina “watu” na “vitu”, mji una “bantu” na “bintu”. Penye “mtoto” na “mkubwa”, irabu ya kiambishi husikika wazi: “mutoto”, “mukubwa”. Herufi h mara nyingi haitamkwi, hivyo “hapa” huwa “apa”. Kiambishi bu- kimehifadhi konsonanti yake, ndiyo maana unga huitwa “bunga”. Wanaisimu wamekwisha kueleza sura hiyo kwa muda mrefu. Edgar Polomé aliandika juu yake katika miaka ya 1960, na Johannes Fabian alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi historia ya lugha hii ilivyofungamana na historia ya utawala. Kwa wasomi, basi, si lugha isiyojulikana. Lakini kujulikana kwa sarufi yake hakujaleta heshima kwa msamiati wake wa kila siku.

3. Salamu na majina ya kuitana

Raha ya kwanza ya siku haina gharama: ni kusalimiwa. Katika mitaa ya Lubumbashi, kupita mbele ya jirani bila kumsalimu huhesabiwa kuwa ni ugomvi uliotangazwa. Salamu ya kawaida ni “jambo”, na jibu lake ni “jambo sana” au “muzuri”. Kisha huja maswali ya nyumbani: watoto wameamkaje, mgonjwa anaendeleaje, kazi iko namna gani. Anayeuliza hatazamii maelezo marefu. Yatoshayo ni kwamba mtu ameulizwa, na kwamba kutokuwako kwake kungetambuliwa.

Wakaaji wa mji huchanganya salamu kwa kipimo. Mzee aliyetoka Kasai akisikia “moyo”, neno ambalo katika Kiluba cha Kasai lina maana ya uhai, husimama. Msemaji wa Kibemba akiambiwa “mwapoleni” hucheka na kujibu. Mwenye kusalimu hivyo huenda asijue maneno mengine zaidi ya hayo mawili matatu ya lugha hizo. Lakini kwa neno moja amemwambia jirani yake kwamba anajua alikotoka, na kwamba jambo hilo halimsumbui. Baada ya hapo mazungumzo hurudi katika Kiswahili.

Majina ya kuitana hufuata njia hiyohiyo. Mwanamke mwenye watoto huitwa kwa jina la mtoto wake, naye mumewe vilevile. Muuzaji wa sokoni huitwa “mama” na mnunuzi mwenye umri wa mwanawe. Aliyetangulia kuzaliwa, hata akiwa si ndugu wa damu, ni “yaya”. Mzee ni “nkambo”, neno ambalo wingi wake, “bankambo”, hutumika pia kwa wahenga. Mji uliokusanya watu waliowaacha jamaa zao mbali ulihitaji njia ya kuunda jamaa wapya, na maneno ya ukoo yaliifanya kazi hiyo pasipo sherehe yoyote.

4. Moto, chakula na nyongeza

Lubumbashi uko juu kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai joto la usiku hushuka chini ya digrii 10. Asubuhi za miezi hiyo zina raha yake maalumu: kuota jua ukutani, mikono ikiwa imefunga kikombe cha chai, au kukaa karibu na “mbabula”. Mbabula ni jiko la mkaa, la bati au chuma, ambalo huwashwa uani na kuingizwa jikoni makaa yanapokwisha kuwa mekundu. Mkaa wenyewe huitwa “makala”. Kwa hiyo neno ambalo wasomaji wa jarida hili hulipokea kwa maana ya maandishi, mama mwenye kupika hulipokea kwa maana ya gunia analolinunua. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayesoma kwa mara ya kwanza kwamba mtu fulani “ameandika makala” ana haki ya kutabasamu.

Chakula kikuu ni “bukari”, yaani ugali wa mahindi, au wa mahindi na muhogo. Huliwa kwa mkono, pamoja na “sombe” (majani ya muhogo yaliyotwangwa), mboga za lengalenga, au samaki, wakiwamo wale waliotoka Luapula na ziwa Moero kupitia Kasenga. Wakati wa mvua huja starehe nyingine. Uyoga wa porini huuzwa kandokando ya barabara ukiwa bado na udongo, na “vinkubala”, ambao ni viwavi, huuzwa wakiwa wamekaushwa. Mtu aliyekulia kijijini huvinunua kwa ajili ya utamu, na pia kwa sababu vinamrudisha nyumbani kwa muda wa mlo mmoja. Jioni, mahali pa vinywaji, panatoka moshi wa “michopo”, nyama ya mbuzi iliyochomwa. Kwa asiyekunywa bia kuna “sukre”, yaani kinywaji baridi chenye sukari, au “munkoyo”, kinywaji cha mahindi kinachochachushwa kwa mizizi ya mmea wenye jina hilohilo, kinachojulikana pande zote mbili za mpaka wa Zambia.

Katika mambo ya chakula, neno moja linastahili kuangaliwa kwa makini, nalo ni “matabishi”. Katika Kongo ya kikoloni neno hili lilitumika kwa zawadi ndogo iliyoongezwa juu ya malipo, na hadi leo hueleweka kwa maana ya bakshishi au nyongeza. Asili yake ni Kireno: mata-bicho, yaani “kuua mdudu”. Hapo kwanza msemo huo ulihusu kinywaji kidogo cha asubuhi, kilichodhaniwa kumwua mdudu anayesumbua tumboni kabla ya kula. Na katika nchi zilizotawaliwa na Wareno, kama Angola na Msumbiji, matabicho ni chakula cha asubuhi. Neno lilisafiri na wafanya biashara na wapagazi, likaacha kinywaji njiani, likabaki na maana ya kitu kidogo kinachomfurahisha anayekipokea.

Sokoni, nyongeza ina kanuni ambayo haikuandikwa. Muuzaji hupima unga au karanga mpaka chombo kijae, kisha huongeza kiganja kimoja juu. Kiganja hicho hakibadilishi sana hesabu ya jikoni. Lakini kikikosekana, mnunuzi huondoka akijua kwamba ametendewa kama mgeni. Kwa hiyo furaha ya nyongeza haitokani na wingi wake. Inatokana na kwamba katika biashara, ambapo kila kitu kina bei, kimoja kimetolewa bila bei, na kwa kitendo hicho muuzaji na mnunuzi wameahidiana kuonana tena.

Jambo moja latia moyo. Mwaka 2004 watafiti walioongozwa na Pierre Petit walitoa kitabu juu ya ulaji katika Lubumbashi, nao walikipa jina la “Byakula”. Hawakuandika “Vyakula”. Kwa herufi hiyo moja walikubali kwamba chakula cha mji kinaelezeka vema zaidi kwa jina ambalo wenye kukila wanalitumia.

5. Sebuleni: picha za ukumbusho

Mgeni akikaribishwa ndani, hupewa kiti, maji, na kitu cha kutazama. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi na makarani wa mji zilikuwa na picha za rangi ukutani, zilizochorwa na wachoraji wa mtaani juu ya nguo ya magunia ya unga na kuuzwa kwa bei ambayo mwenye mshahara mdogo aliweza kuimudu. Baadhi zilionyesha “mamba muntu”, mwanamke mwenye mkia wa samaki anayetoa utajiri kwa masharti. Nyingine, zilizoitwa “Colonie belge”, zilionyesha mfungwa akichapwa viboko mbele ya askari na mtawala. Mchoraji anayejulikana zaidi kati yao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora katika miaka ya 1973 na 1974 mfululizo wa picha zipatazo 100 juu ya historia ya nchi, ambazo Fabian alizitoa pamoja na maelezo ya mchoraji mwenyewe katika kitabu cha mwaka 1996.

Wenye picha hizo walikuwa na neno la kueleza kazi yake: “ukumbusho”. Picha ya ukumbusho huanzisha maneno. Mgeni huitazama, huuliza, na mwenye nyumba huanza kusimulia: baba yake alivyofanya kazi chini ya Wabelgiji, siku za uasi, njaa fulani, harusi fulani. Mazungumzo hayo, “mazungumuzo” kwa matamshi ya mji, ndiyo burudani yenyewe. Inashangaza kuona kwamba picha ya mtu anayechapwa iliweza kutundikwa mahali pa kupumzikia. Sababu ni kwamba uchungu ukiwa umesimuliwa katikati ya watu wanaosikiliza, kwa chai au bia, haubaki uchungu mtupu. Huwa ni habari ya wote waliomo chumbani.

Raha ya kusimulia ilipata pia njia ya maandishi. Mwaka 1965 chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani kilitoa maandishi yaliyopigwa chapa kwa mashine, yenye jina la Kifaransa “Vocabulaire de ville de Elisabethville”, yaliyotungwa na André Yav kwa Kiswahili cha mji. Ni historia ya Lubumbashi kama ilivyoonekana kutoka jikoni na uani. Tahajia yake haifuati shule yoyote, wala maneno hayakutenganishwa kama kamusi inavyotaka. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angeyajaza alama. Leo ni miongoni mwa hati zenye thamani kubwa kuliko zote juu ya mji huu.

6. Uwanjani na jukwaani

Siku ya mpira mji hubadilika sauti. Tangu mwaka 1939 timu mbili, ile inayoitwa leo TP Mazembe na ile ya Saint-Éloi Lupopo, zimegawanya familia, ofisi na hata vitanda vya ndoa. Mazembe ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika katika miaka ya 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na mwaka 2010 ilifika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Hayo ni makubwa. Lakini yanayokumbukwa na mashabiki mara nyingi ni madogo kuliko kombe: namna kipa Robert Kidiaba alivyoruka-ruka uwanjani akiwa ameketi, kila mara timu yake ilipofunga bao. Watoto wa mitaani waliuiga mchezo huo vumbini, na sare zao za shule zilibeba ushahidi.

Jukwaani, kundi la Mufwankolo limewachekesha wakaaji wa mji kwa miongo mingi, kwanza katika redio na kisha katika televisheni. Waigizaji wake hawakutumia maandiko. Walikubaliana juu ya kisa, kisha kila mmoja alitafuta maneno yake papo hapo, kwa Kiswahili kilekile cha sokoni. Mwaka 1986 walitunga mchezo kutokana na msemo wa kwamba madaraka huliwa mazima, yaani hayagawanywi, nao ulichunguzwa katika kitabu kilichotolewa mwaka 1990. Watazamaji walicheka. Katika nchi iliyokuwa na chama kimoja, kucheka pamoja juu ya msemo kama huo hakukuwa jambo dogo, ijapokuwa kulifanana na mchezo tu.

Kwa upande wa muziki, Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, alionyesha gitaa moja linavyoweza kulijaza baraza zima. Baada ya kizazi chake, vijana wa mitaani wamejitengenezea “karindula”, banjo kubwa yenye mwili wa pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi. Kitu kilichotupwa kimefanywa ala.

7. Kiambishi cha udogo

Ikiwa raha hizi ni ndogo, lugha ina chombo gani cha kusema udogo? Hapa Kiswahili cha Lubumbashi kina hazina ambayo Kiswahili sanifu kimeiacha. Lugha za Kibantu za kale zilikuwa na ngeli mbili za udogo, ambazo wanaisimu huzipa nambari 12 na 13, zenye viambishi ka- kwa umoja na tu- kwa wingi. Kiswahili sanifu huonyesha udogo kwa ki- na vi-: kitoto, vitoto. Lakini Kibemba na lugha za Kiluba zimezihifadhi ngeli hizo, na wasemaji wake walizileta mjini. Ndiyo maana Lubumbashi husema “katoto” na “tutoto”, “kanyumba” na “tunyumba”, “kantu” na “tuntu”. Kiambishi hicho huingia hata mbele ya maneno ya mkopo: bia ikiwa ya kuburudisha koo tu, ni “kabiere”.

Ni makosa kudhani kwamba ka- hupima ukubwa pekee. Mwenye kuomba “kachai” haombi kikombe kidogo. Anasema kwamba ombi lake ni jepesi, kwamba mwenyeji asijisumbue, na kwamba kukaa pamoja ndiko hasa anakokutaka. Mwenye kusema “kanyumba kangu” huenda anaonyesha nyumba ya vyumba vinne kwa unyenyekevu na fahari kwa pamoja. Mama anayemwita mtoto wake “katoto kangu” anamkumbatia kwa silabi moja. Kwa maneno mengine, kiambishi hiki ni kipimo cha ukaribu. Mwanafunzi akikifuta katika insha yake kwa sababu hakimo katika sarufi ya darasani, hasahihishi kosa, anaondoa habari.

Hata hivyo udogo una uso wa pili. Kiambishi kilekile chaweza kudharau. Katika vita vya 1996 na 1997 nchi nzima ilijifunza neno “kadogo”, jina la mtoto aliyevishwa sare ya askari na kubebeshwa bunduki. Neno lilikuwa na upole wa nyumbani, na upole huo ulifunika jambo ambalo halikupaswa kufanyika. Msikilizaji alitabasamu kwa ajili ya ka-, akasahau umri.

Na kabla ya hapo mji ulikuwa umeona jambo baya zaidi. Katika miaka ya 1992 na 1993, katika jimbo lililoitwa wakati huo Shaba, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba na kazi zao, wengi wakiwa wamezaliwa hapohapo. Waliitwa “bilulu”, yaani wadudu. Waliolitamka neno hilo walikuwa ni wasemaji wa Kiswahili hikihiki cha “moyo” na “jambo sana”, na baadhi yao walikuwa wamekula bukari katika sahani moja na waliofukuzwa. Yafaa jambo hili lisemwe waziwazi katika maelezo yoyote ya raha za mji, kwa sababu linaonyesha mpaka wake. Salamu ya asubuhi haimzuii mtu kumfukuza jirani yake. Lakini uchaguzi wa neno hilo una maana. Mtu anayesalimiwa kila siku kwa jina la mtoto wake ni vigumu kumfukuza akiwa na jina hilo. Hulazimu kwanza kumpa jina lingine. Mwenye kuchunguza lugha ya kila siku atausikia mji ukibadili majina kabla haujabadili matendo.

8. Raha wakati wa upungufu

Kwa miongo mingi mfanyakazi wa kampuni ya madini, iliyotaifishwa na kuwa Gécamines, alipata mshahara, nyumba, matibabu na posho ya chakula. Kuanguka kwa sehemu ya mgodi wa Kamoto mwaka 1990, uporaji wa mwaka 1991 na kupanda kwa bei katika miaka iliyofuata kuliuvunja mpango huo. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa malipo ya mwisho. Wengi walikuwa na miaka mingi bila mshahara kamili.

Katika hali kama hiyo, mtu aweza kuuliza kama inafaa kusema juu ya raha. Jibu linapatikana kwa kutazama kilichobaki. Familia nyingi zilipunguza milo, zikauza vitu vya nyumbani, zikageuza uwanja wa nyumba kuwa shamba dogo la mboga. Lakini mwenye mlo mmoja aliendelea kusema “karibu” kwa anayepita, na anayepita aliendelea kujibu kwamba ameshiba, hata kama hakuwa ameshiba. Wote wawili walijua ukweli. Karibu ile ilimwezesha mwenyeji kubaki mwenyeji, na jibu lile lilimwezesha mgeni asiwe mwombaji. Hiyo ni adabu ya hali ya juu sana, na gharama yake inajulikana kwa aliyewahi kuilipa.

Leo mambo mengine yanabadilika. Kuta za nyumba mpya zimekuwa ndefu, na anayekaa nyuma yake haoni wapita njia. Simu ya mkononi imechukua sehemu ya mazungumzo yaliyokuwa yakifanyika langoni. Lakini simu hiyohiyo imeleta jambo lisilotazamiwa: vijana huandika ujumbe kwa tahajia ya kinywa chao, wakiandika “bantu” na “tutoto” bila kuomba ruhusa. Kiswahili cha mji, ambacho kwa miaka mingi kiliandikwa kwa nadra, sasa kinaandikwa kila dakika na maelfu ya watu. Tatizo ni kwamba maandishi hayo hufutwa upesi kuliko karatasi za mwaka 1965.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba raha ndogondogo za Lubumbashi zina mpango: salamu humtambua mtu, nyongeza hufunga ahadi, picha huanzisha masimulizi, kicheko hugusa yasiyosemeka, na kiambishi ka- huweka watu karibu. Imeonyeshwa pia kwamba lugha hiyohiyo imetumika kudhalilisha, na kwamba pande hizo mbili zapaswa kuchunguzwa pamoja.

Haifuati kutoka hapo kwamba Kiswahili sanifu kiachwe. Mwanafunzi wa Kongo anakihitaji ili asome vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi, na ili naye asomwe huko. Linalotakiwa ni kwamba kukijua kimoja kusihesabiwe kuwa ni kukisahau kingine. Mwalimu anayekutana na “katoto” katika insha aweza kueleza kwamba sanifu husema “kitoto”, kisha akaeleza neno la kwanza lilikotoka na ni ngeli gani ya kale iliyohifadhiwa ndani yake. Dakika hizo tano humfundisha mwanafunzi sarufi mbili, na kumwonyesha kwamba mama yake hasemi ovyo.

Kwa wanafunzi wa isimu kazi iko karibu. Daftari moja latosha. Liandikwe neno kama lilivyotamkwa, mahali na saa, nani alimwambia nani, na kilichofuata: je, aliyeambiwa alicheka, alikaa, au aliondoka? Waanzie kwa wazee waliozaliwa kambini kabla ya mwaka 1950, kwa maana idadi yao inapungua kila mwaka, na wengi wao bado wako tayari kuongea na mtu yeyote atakayekubali kuketi, kupokea “kachai”, na kutotazama saa.